Visahani vya Moto Juu ya Katanga

Usiku mmoja umeme ulipokatika Mangobo, majirani wa bloku yetu walitoka nje kutazama mwanga uliokuwa ukipita juu ya paa za mabati. Yaya mmoja akasema ni satelaiti. Koko jirani yetu (ndivyo tunavyomwita mzee huku kwetu, Kilingala na Kiswahili vikiwa vimeshachanganyika) hakuwa na haja ya jina. Yeye alikuwa Kisangani wakati wa vita vya siku sita, Juni 2000, na alichouliza ni kimoja tu: kina sauti? Hakikuwa na sauti. Tukarudi kulala.

Asubuhi, mwenye toleka aliyenibeba kwenda chuoni alinisimulia habari hiyo hiyo. Mianga ilikuwa imefika mitatu, na ilivuma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi majeshi yanavyochunguza habari za namna hii. Naona kazi hiyo inatuhusu sisi wa lugha kuliko tunavyodhani, kwa maana mara nyingi mchunguzi hana chuma wala picha mkononi. Ana maneno ya shahidi tu.

Hata jina la kitu chenyewe lilizaliwa kwa kosa la kusoma. Tarehe 24 Juni 1947, rubani Mmarekani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vikiruka karibu na mlima Rainier, vikienda kama kisahani kinachorushwa juu ya maji. Alifananisha mwendo. Magazeti yakachukua tashbihi hiyo yakaifanya umbo, na baada ya hapo watu wengi wakaanza kuona visahani.

Jeshi la anga la Marekani lilifungua uchunguzi mwaka 1948, kwanza kwa jina la Sign, kisha Grudge, na kuanzia 1952 Blue Book. Hofu yake kubwa haikuwa wageni wa kutoka kwenye nyota, ilikuwa ndege za Wasovieti. Kapteni Edward Ruppelt, aliyeongoza Blue Book mwanzoni, alipendelea kusema «kitu kirukacho kisichotambulika» badala ya kisahani. Mashahidi walijaziwa fomu: ulisimama wapi, kilielekea wapi, kilidumu muda gani. Majibu yakalinganishwa na safari za ndege, maputo ya hali ya hewa, nyota na sayari. Kazi ilipofungwa mwaka 1969, ripoti zilikuwa 12,618, na 701 kati yake zilibaki bila jina.

Hapa mwanafunzi wa sarufi asimame kidogo. «Kisichotambulika» kina kiambishi -ik-, ambacho hakimtaji mtenda. Kisichotambulika na nani? Neno halisemi, na msomaji mwenye haraka husikia kwamba hakuna binadamu awezaye kukitambua. Tungesema «kisichotambuliwa», tungeweza kuongeza: na wachunguzi wale, kwa habari walizokuwa nazo.

Sasa nije kwenye karatasi inayotaja nchi yetu. Ni ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ya Agosti 1952, nayo ni tafsiri ya habari iliyotoka katika gazeti la Vienna, Die Presse, tarehe 29 Machi mwaka huo. Inasema kwamba visahani viwili vya moto vilionekana juu ya migodi ya urani ya Kongo ya Wabelgiji, eneo la Elisabethville. Vilizunguka kwa dakika 10 hadi 12, vikitoa mlio mkali. Kamanda aitwaye Pierre, wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville, alivifuata kwa ndege ya kivita, akakikaribia kimoja hadi mita 120 hivi. Alikikadiria kipenyo cha mita 12 hadi 15, kiini kimetulia na ukingo unazunguka ndani ya moto. Baada ya dakika 15 vilimpotea kuelekea ziwa Tanganyika, kwa mwendo aliokadiria kuwa kilomita 1,500 kwa saa.

Tarakimu hizo zinashawishi sana. Lakini fungua ramani. Karatasi inaweka migodi hiyo mashariki ya mto Luapula. Urani ya Katanga ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaani kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Ukivuka Luapula kwenda mashariki unaingia nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwandishi anayejua mita 120 hajui mgodi uko upande gani wa mto! Sisemi kwamba Pierre hakuwapo au kwamba hakuona kitu. Nasema maneno haya yametoka Katanga hadi Vienna, yakaandikwa kwa Kijerumani, yakaingizwa Kiingereza, na hakuna hata hatua moja tunayoiona ambapo mtu alirudi kwa shahidi kumwuliza upya. CIA iliyaweka kwa sababu ya neno urani: sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe.

Kinachoniuma zaidi ni wale «watazamaji waliokuwa chini». Nao walisikia mlio. Katika mgodi wa Katanga mwaka 1952, wengi wa waliosimama chini walikuwa wafanyakazi Wakongomani, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini. Karatasi haimtaji hata mmoja kwa jina, wala haina neno lao. Waliita kitu kile nini? Sahani, moto, nyota, ndege? Jina lao lingetuambia mengi kuliko kipenyo.

Jioni nilikwenda kwa koko na daftari. Nikamwomba asiniambie kilikuwa nini, anioneshe tu ukubwa wake. Alinyosha mkono kuelekea juu, akafumba jicho moja, akanijibu:

«Ukucha wa kidole cha mwisho unakifunika, mujukuu. Na kilitoka upande wa mto, hakikwenda mtoni. Andika vizuri.»