Dawa ya Maumivu Makali na Namna ya Kuitumia

 

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya dawa kali ya kutuliza maumivu. Daktari humwandikia dawa hii mgonjwa wa kansa, au mtu aliyepasuliwa, au aliyeungua vibaya, au aliyevunjika mifupa. Mara nyingi dawa yenyewe ni morfini. Jamaa zake ni kodeini, tramadoli, pethidini na fentanili.

Katika nyumba moja chupa ya morfini hukaa kabatini imejaa, na huku mgonjwa analia usiku kucha, kwa sababu watu wa nyumbani wanaiogopa. Katika nyumba nyingine chupa kama hiyo huachwa mezani, mtoto akaja kuionja akidhani ni sharubati. Makosa haya mawili yana mzazi mmoja, naye ni kutojua. Kwa hiyo yafaa tujue dawa hii ni nini, na yatutaka tufanye nini.

Imetoka wapi?

Morfini hutoka katika afyuni, ule utomvu ambao watu wetu wa pwani waliuita pia kasumba. Mtengeneza dawa mmoja wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, ndiye aliyeitenga morfini na afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi madaktari waliitoa kwa woga, tena baada ya mgonjwa kulia sana. Ndipo mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alipofungua St Christopher's Hospice mjini London. Huko mgonjwa alipewa morfini kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kansa, nao ulifundisha mambo matatu: dawa itolewe kwa mdomo inapowezekana, itolewe kwa saa, tena itolewe kwa ngazi. Maana ya ngazi ni kwamba mgonjwa huanza na dawa nyepesi kama parasetamoli, na asipopata nafuu hupandishwa daraja mpaka maumivu yatulie. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka 1990, kuwatunza wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi. Jirani zetu wa Uganda walianza Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika morfini, ili mgonjwa wa kijijini asikose dawa kwa kukosa daktari.

Hofu tatu

Hofu ya kwanza husema, "Morfini ni dawa ya kufia." Twaelewa inakotoka. Watu huona mgonjwa amepewa morfini, na baada ya siku chache amefariki, nao hudhani dawa ndiyo iliyomwua. Lakini mara nyingi ilikuwa imechelewa, ikatolewa wakati ugonjwa wenyewe umekwisha kumaliza mwili. Ikianzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa polepole na anayejua, haileti kifo. Wako watu waliopewa dawa hii baada ya kupasuliwa, na leo wanalima mashamba yao.

Hofu ya pili husema, "Ataizoea, awe mlevi wa dawa." Hapa yatupasa kutenga mambo mawili. Mwili wa mtu anayetumia morfini kwa majuma kadhaa huizoea, hata akiiacha ghafula atatoka jasho, atatetemeka, ataharisha na kukosa usingizi. Huko ni kuzoea kwa mwili, na daktari huweza kukuondoa kwa kupunguza kipimo kidogo kidogo. Ulevi ni jambo lingine: ni kuitamani dawa hata pasipo maumivu, na kuitafuta kwa hila, ijapokuwa inaharibu maisha. Mgonjwa wa kansa anayeomba dawa kwa kuwa anaumwa, yeye anaomba msaada, na msimwite mlevi.

Hata hivyo hatusemi kwamba hatari hii haipo. Kule Marekani dawa ya jamii hii iitwayo OxyContin ilianza kuuzwa mwaka 1996, ikasifiwa kupita kiasi, na madaktari wakaiandika hata kwa maumivu yasiyoihitaji. Watu wengi sana walizama katika dawa za namna hii, na wengi wakafa. Mwaka 2007, na tena mwaka 2020, kampuni ya dawa hiyo ilikiri makosa mahakamani. Nasi huku tunao vijana wanaonunua tramadoli vichochoroni, wakiimeza ili wapate nguvu ya kazi au raha. Tramadoli ikizidi huleta kifafa, nayo huweza kusimamisha pumzi. Dawa ni ile ile. Kilichokosekana ni haja ya kweli, kipimo, na mtu wa kuangalia.

Hofu ya tatu husikika zaidi miongoni mwetu waumini: "Kumeza dawa ya maumivu ni kukosa imani, heri avumilie." Ndugu wapenzi, yule Msamaria mwema hakumwambia majeruhi avumilie. Alimtia mafuta na divai katika jeraha zake, akamfunga, akamlipia gharama. Uvumilivu ni wa mgonjwa mwenyewe, kwa lile lisiloweza kuondolewa. Sisi tulio wazima hatuna ruhusa ya kumwamuru mwenzetu aumwe wakati msaada uko kabatini.

Inavyofanya kazi mwilini

Dawa hii hufanya mambo matatu makubwa. Hupunguza habari ya maumivu katika uti wa mgongo na ubongo. Hupunguza kasi ya kupumua. Tena hulegeza matumbo. Ukiyakumbuka haya matatu utaona mara moja sababu ya maagizo ya daktari, maana karibu yote yanatoka hapo.

Kipimo. Morfini ya maji haina nguvu moja. Kuna ile ambayo kila mililita 1 ina miligramu 1 ya dawa, na kuna nyingine ambayo mililita 1 ina miligramu 10. Mtu akinywa mililita 5 za ile ya kwanza amepata miligramu 5; akinywa mililita 5 za ile ya pili amepata miligramu 50, yaani mara kumi! Kwa hiyo soma karatasi iliyobandikwa chupani kila unapoletewa chupa mpya, wala usitegemee rangi ya dawa. Usipime kwa kijiko cha jikoni, kwa kuwa vijiko havilingani. Omba hospitalini kikombe cha kupimia, au bomba la sindano lisilo na sindano yake, nao wakuonyeshe mstari wa kufikia. Mwenye kuuguza asiyejua kusoma awekewe alama ya kalamu kwenye mstari huo.

Vidonge vya kudumu saa nyingi, vile vya kumezwa mara mbili kwa siku, visitafunwe wala kusagwa. Ukivisaga, dawa ya saa 12 huingia mwilini kwa mara moja.

Saa. Morfini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huandikiwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na kipimo cha usiku daktari huweza kukiongeza ili mtu alale hadi asubuhi. Usingoje mgonjwa alie ndipo umpe. Maumivu yakisharudi yana nguvu, nayo huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashinda. Ukisahau, mpe unapokumbuka, kisha endelea na saa zako. Usimpe vipimo viwili pamoja ili kufidia. Na maumivu yakirudi kabla ya saa, fuata agizo la daktari juu ya kipimo cha katikati. Kama hakukuachia agizo hilo, rudi umwulize, wala usiongeze kwa kukisia.

Choo. Karibu kila anayetumia dawa hii kwa siku kadhaa hufunga choo. Kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza kwa kawaida hupungua, lakini kufunga choo hakupungui. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile inapoanza morfini. Maji mengi, papai na mboga husaidia, ila peke yake havitoshi. Wagonjwa wengine wameacha dawa ya maumivu kwa ajili ya tumbo tu, na kumbe tumbo lilikuwa na dawa yake.

Pumzi. Hapa ndipo penye hatari ya kufa. Pombe ya namna yoyote, iwe bia, busaa au chang'aa, hupunguza pumzi pia. Vivyo hivyo dawa za usingizi kama Valium, na dawa za mafua zinazoleta usingizi. Zikikutana na morfini, mtu huweza kulala asiamke. Kwa hiyo mwambie daktari kila kitu unachokitumia, na dawa za miti shamba pia, na kama unakunywa pombe sema. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mweleze pia kama una ugonjwa wa figo, au pumu, au kifafa, au kama una mimba au wanyonyesha. Kwa maana figo zisipofanya kazi vema, morfini hubaki mwilini na kujilimbikiza.

Watoto wana hatari yao. Kodeini hugeuka kuwa morfini ndani ya mwili, na watu wengine miili yao huigeuza upesi mno. Tangu mwaka 2017 wakuu wa dawa wa Marekani walikataza kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12, pamoja na tramadoli kwa maumivu yao. Basi mzazi asimpe mtoto dawa ya kikohozi yenye kodeini aliyoandikiwa mtu mzima.

Mwenye kuuguza azijue alama hizi: mgonjwa haamki ukimwita na kumtikisa, anakoroma kwa sauti isiyo yake ya kawaida, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo imegeuka rangi, pumzi ni chache, hazifiki 10 kwa dakika moja. Ukiona hivyo usimpe dawa tena. Mlaze ubavu, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yake. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoondoa nguvu ya morfini kwa dakika chache, lakini lazima mgonjwa afikishwe mapema.

Siku za kwanza, na kila kipimo kinapoongezwa, mtu asiendeshe gari wala pikipiki, wala asishike panga au kukaa karibu na moto peke yake.

Chupa iwekwe wapi?

Iwekwe katika sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae na mtu mmoja. Isihamishiwe katika chupa ya soda kamwe. Andika katika daftari saa na kipimo kila unapompa, ili anayepokea zamu asimpe mara ya pili.

Usimgawie jirani hata kama anaumwa. Kipimo kinachomtosha mtu aliyekwisha kuzoea huweza kumwua asiyezoea. Na mgonjwa akipona, au Mungu akimwita, dawa iliyobaki irudishwe hospitalini ilikotoka. Twalisema hili kwa sababu wakati wa matanga nyumba hujaa wageni na watoto, na hakuna anayeikumbuka chupa iliyo chini ya kitanda.

Wengine huuliza kama askari atawashika njiani. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 juu ya dawa za kulevya haimkatazi mgonjwa kuwa na dawa aliyoandikiwa na daktari. Ukisafiri, beba chupa yenye jina lako pamoja na cheti cha daktari.

Basi, wapenzi, juma hili mtakapomtembelea mgonjwa msimwulize tu kama amekula. Mwulizeni kama anaumwa, na maumivu ni makali kiasi gani, na kama usiku amelala. Akisema hakulala, mwulizeni mwenye kumwuguza dawa iko wapi na yatolewa saa ngapi. Kama hakuna dawa, mtu mmoja aende hospitalini akaulize kwa niaba yake, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hawezi. Kazi hiyo ni ndogo, lakini kwa mtu anayeukesha usiku kwa maumivu, hiyo ndiyo habari njema.

Mungu awape wagonjwa wetu usingizi, nasi atupe macho ya kuwaona. Kwaherini.