Chokaa bwawani: Pwani inazidi, bara haitoshi

Mabwawa mengi ya kuogelea ya pwani, kuanzia Malindi hadi Nungwi, yana mstari mweupe unaozunguka vigae pale maji yanapokomea. Ukiupitishia ukucha, unakwaruza. Meneja akiuona humwita kijana wa usafi, kijana huja na brashi ya waya, na ikifika Jumamosi vigae vinang'aa. Haupiti muda mrefu mstari unarudi, safari hii mnene zaidi, kwa sababu waya umevichubua vigae na ukoko umepata pa kushika.

Ukoko huo ni ule ule wa ndani ya birika la chai: kalsiamu kaboneti. Pwani imejaa kitu hicho. Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo, na kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilijengwa juu ya matumbawe ya kale. Mvua inapopenya mwamba wa namna hiyo, ikiwa imebeba hewa ya ukaa kutoka udongoni, huuyeyusha kidogo kidogo. Maji ya kisima yanayopatikana humo ndiyo yale ambamo sabuni haitaki kutoa povu.

Hali hiyo huitwa ugumu wa maji, nao hupimwa kwa miligramu kwa lita. Bwawa la vigae kwa kawaida huwekwa kati ya 200 na 400, na kwenye ukanda wa matumbawe maji ya kisima yanaweza kuingia bwawani yakiwa yamekwisha kufika humo, kabla mtu hajatia mguu. Kisha jua linaanza kazi. Chukua bwawa lenye kina cha wastani cha mita 1.5 linalopoteza milimita 5 kwa siku. Kwa mwaka ni milimita 1,825, yaani zaidi ya bwawa zima. Maji yaliyopaa yameiacha chokaa yake, na yaliyojazwa badala yake yamekuja na nyingine. Kama kisima kina 300, mwaka mmoja unaweza kuongeza zaidi ya 300 juu ya ile iliyokuwapo, ukiacha kile kinachopunguzwa na mvua na maji yanayotupwa wakati wa kuosha filta.

Halafu kuna mchango ambao wahudumu wengi hawaushuku hata kidogo: klorini yenyewe. Klorini ya unga inayouzwa kwa ndoo, ile inayotumika pia kutibu visima wakati wa kipindupindu, ni kalsiamu hipokloraiti. Kila miligramu 10 za klorini unazotia katika lita ya maji zinaacha takriban 7 za ugumu. Bwawa linalokula miligramu 2 kwa lita kwa siku litakuwa limeongezewa kama 500 kwa mwaka, na hapo mwenye bwawa anaendelea kulaumu kisima. Klorini ya maji haina kalsiamu, ila haipendi joto na hupoteza nguvu ikikaa stoo. Vidonge vinavyoyeyuka polepole navyo havina kalsiamu, lakini vinaacha asidi ya sianuriki, nayo ikizidi inaidhoofisha klorini. Kwa bwawa la pwani lenye ugumu wa juu, mimi ningechagua ya maji na kununua kidogo kidogo.

Hata hivyo, namba kubwa ya kalsiamu peke yake si ugonjwa. Mwaka 1936, Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California alitoa njia ya kukadiria kama maji yatajenga ukoko au yataula. Alikuwa akifikiria mabomba ya miji, si starehe za watalii, lakini watu wa mabwawa waliichukua na hawajaiachia. Unachukua pH, unaongeza namba ya joto, namba ya kalsiamu na namba ya alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi), zote tatu zikisomwa kwenye jedwali, kisha unatoa 12.1. Jibu likiwa karibu na sifuri, kati ya -0.3 na +0.3, maji yametulia. Likipanda sana, chokaa inaganda. Likishuka sana, maji yanatafuta chokaa popote yatakapoipata.

Tuone bwawa la pwani lenye ugumu wa 600, alkalini 200, pH 8.0 na joto la nyuzi 30. Hesabu ni 8.0 + 0.7 + 2.4 + 2.3 - 12.1, inatoka +1.3. Hapo ukoko hauzuiliki. Sasa iache kalsiamu ilivyo, tia asidi mpaka alkalini ishuke hadi 80 na pH ikae 7.3. Inatoka +0.2. Kalsiamu ni ile ile, na vigae vinabaki safi. Ndiyo maana nasema fundi wa pwani asipoteze usingizi kwa kuiwinda kalsiamu. Aishike pH, tena kila siku. Na aangalie chemchemi na maporomoko ya mapambo. Maji yakirushwa hewani hupoteza hewa ya ukaa, pH inapanda, na ukingo wa poromoko ndio unaoota ukoko wa kwanza.

Ukipanda bara, mambo yanageuka. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, maji ya mito ya milima ya Aberdare ambayo hayajakutana na chokaa ya maana. Mwanza na Kampala hunywa ziwa, nalo ni laini. Hata visima virefu vya Nairobi, vilivyochimbwa kwenye miamba ya volkano, mara nyingi vina alkalini na floridi nyingi lakini kalsiamu kidogo. Bwawa lenye ugumu wa 40, alkalini 60, pH 7.2 na nyuzi 19 linatoka -1.4. Maji hayo yana njaa. Kigae hakiwezi kuliwa kwa urahisi, kwa hiyo yanaingia kwenye grauti, ile saruji inayojaza mianya kati ya vigae, na kuifyonza chokaa yake. Dalili yake ni mchanga mwembamba unaobaki kidoleni ukiupitisha kwenye mwanya, halafu kigae kimoja kinang'oka pembeni mwa ngazi. Fundi huitwa, hubandika kipya, na maji yanaendelea kula.

Dawa yake ni kalsiamu kloraidi. Bwawa la mita za ujazo 50 linahitaji kama kilo 7.4 za ile yenye umbo la dihaidrati ili kupanda kwa 100. Tia unga kwenye ndoo ya maji, kamwe usimimine maji juu ya unga, kwa maana inatoa joto kali kwelikweli na ndoo nyembamba inaweza kulainika mkononi. Igawe kwa siku mbili tatu, pampu ikizunguka. Bwawa lile la -1.4 likifikishwa ugumu wa 200, alkalini 100 na pH 7.6, linasimama -0.1.

Kupima si shughuli kubwa. Kwenye kichupa cha maji unatia kiashiria, yanakuwa mekundu kama zambarau, kisha unadondosha dawa tone kwa tone ukitikisa, ukihesabu, mpaka rangi igeuke buluu safi. Katika vifaa vingi tone moja ni 10 au 25. Soma karatasi yake. Vijiti vya kuchovya mara nyingi husoma ugumu wote pamoja na magnesiamu, na magnesiamu haihusiki hapa. Pima pia maji ya bomba au kisima unachojazia, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau.

Ukoko uliokwisha kuganda huondolewa kwa siki au asidi iliyozimuliwa, kwa kitambaa, na asidi isiguse grauti muda mrefu wala isikutane na klorini. Ukidondosha asidi na ukoko usitoe mapovu, basi huenda ni silika, na siki haitaufaa.

Kushusha kalsiamu yenyewe kunahitaji maji laini, na laini kuliko yote ni ya mvua. Paa la bati la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 50 linatoa lita 10,000. Badilisha kiasi hicho katika bwawa la lita 50,000 na ugumu wa 600 unashuka hadi 480. Paa la makuti halifai, maji yake hutoka ya kahawia.

Lakini usilikaushe bwawa lote wakati wa masika. Ardhi ya pwani ikishiba, maji ya chini husukuma kutoka nje, na bwawa tupu halina uzito wa kuyazuia. Sakafu inaweza kuinuka na vigae vikapasuka. Punguza sehemu tu, jaza, pima, kisha urudie.