Kusoma Kumbukumbu za Matukio Katika Ruta

Ruta huandika mambo yanayoipata: mlango umezima, kebo imechomoka, mtu amebadilisha mipangilio. Mistari hiyo huitwa kumbukumbu za matukio. Watahiniwa wengi huiogopa kwa sababu ya alama zake, lakini mistari hiyo hufuata mpangilio mmoja. Hapa tunatumia mfano wa ruta za Cisco.

Sehemu za ujumbe

Chunguza mstari huu:

May 12 09:14:05: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet0/1, changed state to down

1. Wakati: Mei 12, saa 3:14 asubuhi. Ukiona alama ya nyota kabla ya tarehe, saa ya ruta haijarekebishwa. Usiutegemee muda huo.
2. Chanzo: LINK, yaani sehemu ya ruta inayosimamia viungo vya mtandao.
3. Uzito: 3.
4. Jina fupi la tukio: UPDOWN, yaani mlango umewaka au umezima.
5. Maelezo: mlango GigabitEthernet0/1 umezima.

Viwango vya uzito

0 – Dharura, ruta haitumiki
1 – Hatua ichukuliwe mara moja
2 – Hali mbaya sana
3 – Hitilafu
4 – Onyo
5 – Jambo la kawaida lakini muhimu
6 – Taarifa tu
7 – Maelezo ya uchunguzi wa kifundi

Angalizo: namba ikipungua, uzito unaongezeka. Wanaojibu kwamba 7 ndiyo hatari kubwa hupoteza alama.

Swali la mfano

Intaneti ya shule imekatika siku mbili tofauti. Siku ya kwanza ruta iliandika ujumbe ulioonyeshwa hapo juu. Siku ya pili iliandika:

%LINK-5-CHANGED: Interface GigabitEthernet0/1, changed state to administratively down

Eleza chanzo cha tatizo kwa kila siku na hatua ya kuchukua.

Jibu

Siku ya kwanza mlango ulipoteza mawasiliano bila kuamriwa. Huenda kebo imechomoka au imekatika, au kifaa cha upande wa pili kimezimwa. Kagua kebo na kifaa hicho. Siku ya pili mlango ulizimwa kwa amri ya msimamizi. Hapo kubadilisha kebo hakusaidii. Tafuta ujumbe wa %SYS-5-CONFIG_I, unaoonyesha kwamba ruta imepangwa upya na amri ilitoka wapi. Kisha msimamizi auwashe mlango kwa amri ya no shutdown.

Kwa mtumiaji, siku zote mbili zilifanana: intaneti hakuna. Ni kumbukumbu zilizotofautisha ajali na amri ya mtu.

Usizime ruta kwanza

Mtandao ukisumbua, wengi hukimbilia kuzima ruta na kuiwasha tena. Kumbukumbu za ndani ya ruta hukaa kwenye RAM, na ruta ikizimwa hufutika. Huduma inaweza kurudi, lakini ushahidi umepotea, na tatizo likijirudia utaanza upya. Soma kwanza kwa amri ya show logging. Ili zisipotee kabisa, ruta hupangwa kuzituma kwenye seva ya syslog, kwa kawaida kupitia UDP namba 514.

Jipime

1. Kati ya %SYS-5-CONFIG_I na %LINK-3-UPDOWN, upi una uzito mkubwa? Kwa nini?
2. Taja faida mbili za kutumia seva ya syslog.