Yai la Mamalia Linavyokomaa: Ujumbe wa Akiba na Zamu ya Kusomwa Kwake

UTANGULIZI

Ndugu msomaji, wengi hudhani kwamba yai la mwanamke hutengenezwa mwezi ule ule linapotoka katika ovari. Sivyo. Mayai ya mtoto wa kike huanza kuumbwa angali tumboni mwa mama yake. Kabla hajazaliwa huwa yamekwisha kuingia katika meiosisi, yaani mgawanyiko unaopunguza kromosomu hadi nusu, kisha husimama katikati ya njia. Yai linalotoka mwanamke akiwa na miaka 40 limesimama hapo muda wote huo.

Katika makala haya tutaeleza kinachotokea yai linapoamshwa, na hasa kinachoamua ni protini ipi itengenezwe na kwa wakati gani. Suala hili si la watu wa maabara peke yao, kwani ndani yake mna sababu ya baadhi ya ndoa kukosa mtoto.

MSINGI WA SUALA

Ifahamike kwamba protini hupatikana kwa hatua mbili. Kwanza, jeni iliyomo katika DNA hunakiliwa, na nakala hiyo huitwa RNA mjumbe. Pili, ribosomu huisoma nakala hiyo na kuunganisha asidi amino mpaka ziwe protini. Katika seli nyingi za mwili, udhibiti mkubwa huwa katika hatua ya kwanza: jeni isiponakiliwa, hakuna protini.

Ama yai la mamalia, hali yake ni nyingine. Wakati linapokua hunakili jeni kwa wingi na kuziweka nakala akiba. Likishafikia ukubwa wake kamili, ambao kwa binadamu ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, unakili husimama. Hauanzi tena kwa nguvu ila baada ya kutungishwa: kwa panya ni pale kiinitete kinapokuwa na seli 2, na kwa binadamu kati ya seli 4 na 8.

Hivyo basi, katika muda wote wa kukomaa yai haliandiki ujumbe mpya, bali husoma ule ulioandikwa zamani. Udhibiti wote umebaki katika mambo matatu: ujumbe upi usomwe, upi ungoje, na upi uharibiwe.

UJUMBE HUZUIWA NA KUFUNGULIWA VIPI?

Mwishoni mwa RNA mjumbe kuna mkia wa herufi moja inayojirudia, nayo ni A. Mkia ukiwa mrefu, ribosomu huusoma ujumbe ule kwa wepesi. Ukiwa mfupi, huuacha. Nakala nyingi za akiba zina mikia iliyofupishwa, na nyingine zimefungwa na protini kama MSY2. Mwaka 2022 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walieleza kwamba sehemu ya akiba hii hukusanyika kuzunguka mitokondria, na kwamba jambo hili lipo katika mayai ya panya, nguruwe, ng'ombe na binadamu.

Ama kizuizi cha kukomaa kwenyewe, hicho hutoka kwa seli zinazolizunguka yai. Mwaka 1935 Pincus na Enzmann walionesha kwamba yai la sungura likitolewa katika kifuko chake huendelea kukomaa lenyewe. Mwilini, homoni ya LH inapopanda, kizuizi hicho huondoka na kimeng'enya kiitwacho CDK1 huamka. Hapo protini ya CPEB1, iliyokuwa imekaa karibu na mwisho wa nakala fulani na kuzizuia zisisomwe, hutiwa fosfati. Kwa badiliko hilo dogo, kizuizi hugeuka kuwa kichocheo: mkia hurefushwa na ujumbe husomwa.

Ufunguzi huo hauji kwa mkupuo, bali kwa zamu. Mathalani:

Kwanza, saiklini B1 huongezeka, nayo humpa CDK1 nguvu zaidi ya kuendesha mgawanyiko.

Pili, hutengenezwa DAZL, protini ambayo nayo hufungulia ujumbe mwingine.

Tatu, hutengenezwa MOS, inayolisimamisha yai kwa mara nyingine ili lingoje mbegu ya kiume. Mwaka 1994 ilielezwa kwamba panya wasio na jeni ya MOS mayai yao hayangoji; baadhi huanza kugawanyika bila ya dume.

Wakati huo huo, ujumbe uliokwisha kazi, kama ule wa protini za utando wa nje wa yai, hukatwa mikia na kuharibiwa. BTG4 ni miongoni mwa protini zinazosimamia uharibifu huo.

SWALI NA JAWABU

Huenda mtu akauliza: je, yai haliwezi kuanza kukomaa bila ya protini mpya?

Jawabu ni kwamba wanyama hutofautiana. Kwa panya, hata utengenezaji wa protini ukizuiwa, utando wa kiini cha yai hupasuka kama kawaida, lakini yai halifiki mwisho wa safari. Kwa ng'ombe, kondoo na nguruwe, hata utando huo haupasuki. Kwa hiyo si sahihi kuchukua jambo lililothibiti kwa panya na kulipitisha kwa kila mamalia bila ya uchunguzi.

FAIDA YA KULIJUA JAMBO HILI

Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba kasoro katika jeni ya PATL2, ambayo ni miongoni mwa zinazosimamia ujumbe wa akiba, husababisha mayai ya baadhi ya wanawake yasikomae. Mwaka 2020 ikaelezwa kwamba kasoro katika jeni ya BTG4 huliacha yai likatungishwa lakini lisigawanyike. Kasoro hizi hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwanamke mwenye kasoro kama hizo anaweza kupata hedhi kama kawaida na kuonekana mzima kabisa. Dawa za kuchochea ovari humwongezea idadi ya mayai, lakini hazirekebishi kilichoharibika ndani yake.

Wanawake wenye kasoro hizi ni wachache, na sababu nyingi za kukosa mtoto ni nyingine, zikiwemo za upande wa mume. Hivyo basi, anayeombwa kusuluhisha ndoa iliyokosa mtoto asikubali tuhuma kabla ya wote wawili kupimwa. Na vipimo vikionesha kwamba mayai hayakomai, ajue kwamba mwanamke hakuliharibu yai lake kwa uzembe wala kwa kuchelewa kuolewa. Kasoro ya namna hii alizaliwa nayo, wala hakuwa na hiari ndani yake.