Mcheza Kwao Hutunzwa: Historia ya Timu za Chipukizi za Bonde la Mathare

Utangulizi

Methali "Mcheza kwao hutunzwa" hufundishwa shuleni kama sifa ya kushikamana na watu wa nyumbani. Mcheza ngoma akiingia uwanjani mbele ya jamaa zake, wao humtia fedha mkononi na kumshangilia. Akicheza ugenini, huenda akaambulia patupu. Kutunza, katika methali hii, ni kumpa mchezaji zawadi. Kitenzi hicho hicho, katika matumizi ya kila siku, kina maana ya kuangalia kitu kisiharibike: kutunza mtoto, kutunza shamba, kutunza mazingira.

Makala haya yanaeleza historia ya timu za kandanda za chipukizi katika bonde la Mathare na mitaa inayopakana nalo, Kiamaiko ikiwa miongoni mwake, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Hoja yake kuu ni kwamba timu hizo zilidumu kwa sababu zilizikutanisha maana hizo mbili za kutunza. Mcheza kwao alitunzwa kwa kuwa naye alitunza kwao.

Neno chipukizi lenyewe linastahili kuangaliwa. Asili yake ni kitenzi chipuka, yaani kuota kwa mmea kutoka ardhini au kwenye shina. Linapotumiwa kwa mchezaji mchanga huchukua upatanisho wa viumbe: chipukizi amefunga bao, chipukizi wamewasili. Hata hivyo sitiari ya mmea haipotei. Chipukizi huhitaji udongo, maji na mtu wa kulilinda lisikanyagwe. Kwa hiyo, anayeeleza historia ya timu ya chipukizi hana budi kuueleza pia udongo ilikoota.

Kiamaiko na majirani zake

Kiamaiko hufahamika zaidi jijini kwa biashara ya mbuzi. Mifugo husafirishwa kwa malori kutoka kaskazini mwa Kenya, huchinjwa hapo, na nyama yake husambazwa katika hoteli na bucha za Nairobi. Biashara hiyo iliwaleta wafanyabiashara Waborana, Wasomali na wengine wa kaskazini, wakakaa bega kwa bega na Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya na Wakamba. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013, Kiamaiko ni wadi katika eneo bunge la Mathare, ikipakana na Huruma na vijiji vya bondeni. Katika mazingira hayo, mtoto anayetaka kucheza na wenzake hana budi kutumia lugha inayowaunganisha wote, nayo ni Kiswahili pamoja na Sheng.

Katika miaka ya 1980 mitaa hii ilikabiliwa na matatizo mawili yaliyowagusa watoto moja kwa moja. La kwanza ni ufinyu wa nafasi: nyumba zilisongamana na viwanja vikawa vichache. La pili ni taka. Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa mwaka 1983 na jiji likaendeshwa na tume hadi mwaka 1992. Katika kipindi hicho huduma ya kuzoa taka ilizorota, hasa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mitaro iliziba, na marundo ya taka yakageuka kuwa sehemu ya mandhari.

Watoto hawakuacha kucheza kwa sababu hiyo. Walitengeneza mipira kwa mifuko ya plastiki na matambara yaliyofungwa kwa kamba. Huko Tanzania mchezo wa namna hiyo, wenye sheria za kupatana papo hapo, huitwa chandimu. Nairobi mpira wenyewe huitwa mpira wa juala au wa karatasi. Mpira wa juala ulikuwa, kwa hakika, taka iliyofumwa upya. Tangu mwezi wa Agosti 2017, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, hata malighafi hiyo imeadimika.

Kuasisiwa kwa ligi

Mwaka 1987 kulianzishwa huko Mathare chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kwa kifupisho cha MYSA. Mwasisi wake alikuwa Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akiishi Nairobi na kufanya kazi ya ushauri katika masuala ya mazingira na maendeleo. Munro alitoka katika nchi ambako watoto wengi hukulia katika magongo ya barafuni, na ambako timu nyingi za watoto huendeshwa na wazazi na watu wa kujitolea. Mathare haikuwa na barafu, wala haikuwa na wazazi wenye nafasi ya kuacha vibarua vyao ili kusimamia michezo. Ilikuwa na watoto wengi na mipira ya juala. Kilichokosekana ni ligi: ratiba, waamuzi, na mpira halisi.

Sharti la chama lilikuwa la nipe nikupe. Vijana wakifanya jambo, chama nacho kitafanya jambo. Wasipofanya, chama hakitafanya. Kutokana na sharti hilo kukazuka kanuni iliyokuja kukitambulisha chama duniani. Timu ikishinda mechi hupata alama 3. Timu ikikamilisha kazi ya usafi mtaani, kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro, hupata alama 6, nazo huingizwa katika msimamo ule ule wa ligi.

Hesabu hiyo ina uzito. Zoezi moja la usafi ni sawa na ushindi katika mechi mbili. Timu yenye mfungaji hodari lakini isiyoshika sepetu inaweza kupitwa na timu ya wastani inayofika kazini. Aidha, alama za usafi hazipatikani kwa kipaji cha mtu mmoja. Hupatikana kwa mahudhurio ya kikosi kizima. Hivyo basi kanuni hiyo ilimfundisha mtoto wa miaka kumi maana ya timu hata kabla hajafundishwa kupiga pasi.

Uongozi wa watoto wenyewe

Jambo la pili lililoipa ligi uhai ni uongozi. Chama kiligawa eneo lake katika kanda, na kila kanda ikachagua viongozi wake miongoni mwa vijana. Wao ndio waliopanga mechi, kusuluhisha malalamiko na kuhakiki kazi za usafi. Wachezaji walifunzwa kuwa waamuzi na wakufunzi wa wadogo zao. Kwa njia hiyo ligi haikutegemea mtu mzima mmoja ambaye akiondoka, yote huporomoka. Kufikia miaka ya 2000, zaidi ya wavulana na wasichana 20,000 walikuwa wakishiriki katika shughuli za chama.

Wanaojitolea hujikusanyia alama za binafsi kwa kufundisha, kuchezesha mechi au kuelimisha wenzao. Walio na alama nyingi hupewa ufadhili wa masomo, na fedha hulipwa shuleni moja kwa moja. Hapa maana ya kwanza ya methali inaonekana wazi: mchezaji hutunzwa. Hata hivyo zawadi yenyewe ni karo, na kinachotuzwa ni utumishi wake kwa wengine zaidi ya chenga zake.

Wasichana waliingia katika ligi mwaka 1992. Kikwazo chao kikuu hakikuwa mpira wenyewe. Msichana ndiye aliyeteka maji, kupika na kulea wadogo zake wakati mama yuko kazini, na mzazi aliyeombwa kumruhusu acheze aliombwa, kwa hakika, aachilie msaidizi wake. Ilibidi wazazi wabembelezwe nyumba kwa nyumba. Mwaka 1994 chama kilianza kutoa elimu kuhusu UKIMWI kupitia wachezaji wenyewe, kwa hoja kwamba kijana humsikiliza kijana mwenzake.

Matunda yake

Mwaka 1990 timu ya chama ilishiriki kwa mara ya kwanza katika Norway Cup, mashindano makubwa ya vijana yanayofanyika mjini Oslo. Mwaka 1992, ule wa mkutano wa dunia kuhusu mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, chama kilipewa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Tuzo hiyo ilitolewa kwa ajili ya takataka zilizozolewa, si kwa mabao yaliyofungwa. Mwaka 1999 mfumo huo ulipelekwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana ya leo, ambako watoto wa mataifa mbalimbali waliunganishwa katika ligi.

Mwaka 1994 iliundwa timu ya wakubwa, Mathare United, ili chipukizi wapate pa kupanda. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na mwaka 2000. Mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Mwaka huo ulikuwa umeanza kwa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Mathare, Huruma na Kiamaiko ni miongoni mwa mitaa iliyoumia, majirani wakigawanyika kwa misingi ya kabila. Si haki kudai kwamba kandanda iliponya jeraha hilo. Lakini ni kweli kwamba mwaka ule ule ambao jina la Mathare lilitajwa redioni pamoja na moto na mapanga, lilitajwa pia kuwa jina la mabingwa.

Funzo kutoka kwenye barafu

Umuhimu wa ligi hudhihirika zaidi mtu anapotazama mchezo ambao Nairobi ilikuwa na uwanja wake lakini haikuwa na ligi. Mwaka 2005 ukumbi wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa. Baada ya muda Wakenya walijifunza magongo ya barafuni na kuunda timu ya Kenya Ice Lions. Walikuwa na barafu na ari, lakini hawakuwa na mpinzani. Mwaka 2018 kampuni moja ya Kanada iliwasafirisha hadi nchini humo, wakacheza mechi dhidi ya timu nyingine, huku nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakijiunga nao. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Hadithi hiyo inatia moyo. Wakati huo huo inaonyesha kwamba uwanja hauzai timu. Timu huzaliwa na timu nyingine iliyo tayari kukutana nayo Jumamosi ijayo. Mathare ilianza na kilichokuwa kigumu zaidi, yaani wapinzani wengi wa kudumu, ingawa viwanja vyake vilikuwa vya vumbi.

Lawama na maswali

Mfumo huu haukosi maswali. La kwanza ni la haki. Mkazi wa mtaa wa kifahari huzolewa taka bila mwanawe kushika sepetu. Kwa nini basi mtoto wa Kiamaiko apewe alama kwa kazi ambayo ni wajibu wa serikali ya jiji? Wanaoutetea mfumo hujibu kwamba mtaro ulioziba hausubiri mjadala. Maji machafu huingia chumbani usiku huo huo. Majibu yote mawili yana ukweli. Kazi ya watoto ilipunguza madhara, lakini haikuiondolea mamlaka ya jiji deni lake.

Swali la pili ni la fedha. Sehemu kubwa ya gharama imetoka kwa wafadhili wa nje, na mfadhili ana haki ya kubadilisha nia. La tatu ni la ardhi. Kila jengo jipya la ghorofa hupandishwa mahali palipokuwa wazi, na chipukizi asiye na mahali pa kuchezea hunyauka hata akiwa na kocha bora.

Hitimisho

Watoto waliocheza msimu wa kwanza wakiwa na umri wa miaka 12 sasa wamefikia miaka hamsini. Wengine ni wakufunzi, wengine ni wazazi wa wachezaji, wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuwahusu ni ripoti za Kiingereza zilizolenga wafadhili. Lakini mechi zenyewe zilichezwa kwa Kiswahili na Sheng: mabishano na mwamuzi, majina ya timu, matani ya mashabiki, maombi kwa mama ili binti aruhusiwe. Lugha hiyo haijakusanywa ipasavyo, na wanaoikumbuka hawatakuwapo daima.

Hili ni jukumu linaloangukia idara za Kiswahili kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwanafunzi mwenye daftari na kinasa sauti anaweza kufika Kiamaiko kutoka katikati ya jiji kwa nauli ya matatu moja au mbili. Akifika, atawapata wazee wa umri wa makamo wanaojua kwa nini zoezi la usafi lilikuwa na thamani ya alama 6. Kuwasikiliza na kuyahifadhi maneno yao ni namna nyingine ya kuwatunza waliocheza kwao.