Mahali na Uwezekano: Utangulizi

"Saa hizi atakuwa Makambako." Ndivyo asemavyo mtu wa Uyole au Mwanjelwa jijini Mbeya anayengoja mgeni kutoka Iringa. Shuleni tulifundishwa kwamba -ta- ni kiambishi cha wakati ujao, lakini msemaji huyu hazungumzii yajayo. Anakisia jambo la sasa hivi. Amepiga hesabu ya saa basi lilipoondoka, akakumbuka hali ya barabara, akafikia uamuzi ambao hana uhakika nao. Jaribu kusema "saa hizi atakula" na ukisiaji unatoweka. Inabaki ahadi au ratiba ya chakula. Ili ukisie kula kwake, huna budi kurudisha kuwa: "atakuwa anakula". Kwa hiyo kukisia hakumo ndani ya -ta- peke yake. Kunatokana na -ta-, na kuwa, na mahali au hali anayodhaniwa kuwamo.

Huo ndio mlango wa taaluma ninayokukaribisha: jinsi maneno ya uwezekano, wajibu na ukisiaji yanavyoungana na maneno ya mahali. Wanafunzi wengi huikuta kwanza katika somo la Kiingereza, na huko huwasumbua. Hukariri kwamba kitenzi kisaidizi must ni "lazima", kisha wakakutana na must be in Makambako, ambayo mara nyingi ni ukisiaji mtupu, na must go to Makambako, ambayo kwa kawaida ni wajibu. Kitenzi kisaidizi hakikubadilika. Kilichobadilika ni kitenzi kikuu na kirai cha mahali kilichokifuata: kukaa mahali hukisiwa, kuelekea mahali huamriwa. Kiswahili nacho kinaitumia lazima katika pande zote mbili, ila tofauti kinaionyesha waziwazi: "lazima awe Makambako" ni agizo, "lazima atakuwa Makambako" ni ukisio. Mwalimu wa Kiingereza wa Iringa au Mbeya akianzia hapo, kwenye sarufi ambayo mwanafunzi anayo tayari, atakuwa amemrahisishia safari nusu nzima.

Lakini Kiswahili kinakwenda mbali zaidi, na hapa naomba tutulie. Msikilize abiria aliyeshushwa stendi usiku akisema: "Sina pa kulala." Tafuta kitenzi cha kuweza katika sentensi hiyo, hakipo. Hakuna weza, hakuna ruhusiwa, hakuna lazima. Hata hivyo kila anayesikia anaelewa kwamba abiria anazungumzia uwezekano: hakuna mahali anapoweza kulala. Maana hiyo imebebwa na pa- ya ngeli ya mahali ikiungana na kitenzi-jina. Badilisha ngeli na uwezekano unabadilika umbo: "hana kwa kwenda" ni mtu asiye na upande wa kuelekea, ilhali "hapana pa kupita" ni njia iliyozibwa mahali fulani panapoonyeshwa kwa kidole. Ukiniuliza ni wapi pazuri pa kuanzia utafiti wako wa kwanza, nitakuambia anza na sentensi hizi fupi. Vitabu vya sarufi huzipitia haraka mno.

Mahali panaweza pia kuwa kiima chenyewe. Masika yakikolea, watu wa Makete husema Kitulo hakufikiki, na madereva huulizana kama penye utelezi panapitika. Hapa kauli ya kutendeka imefanya kazi ambayo Kiingereza mara nyingi kingeitafutia mtu wa kuifanya: dereva hawezi kupita. Kiswahili kinamwacha dereva pembeni, kikaipa ardhi yenyewe uwezo au kuinyima. Na ngeli ya tatu ya mahali, ya mu-, ina mtego wake. "Humu mnaweza kuingia magunia kumi" inaweza kuwa habari ya ghala, lakini "mnaweza" hiyohiyo ni ya ninyi, wapakiaji. Nadhani ndiyo sababu wasemaji wengi hukwepa wakasema "yanaweza kuingia magunia kumi humu", ingawa dhana hiyo bado inataka kupimwa kwa mazungumzo halisi, si kwa sentensi tunazojitungia mezani.

Kwa nini nyanda hizi za Iringa na Mbeya hasa? Kwa sababu barabara ya Iringa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, inapita katika lugha ambazo bado huweka alama ya mahali mbele ya nomino. Kiswahili husema nyumbani, kwa kiambishi -ni mwishoni, na pa-, ku-, mu- zimebaki kwenye upatanisho. Kinyakyusa na Kihehe husema munyumba. Mwanaisimu Malcolm Guthrie aliweka Kihehe, Kibena, Kisangu na Kikinga katika kundi la G60, na Kinyakyusa katika M30, kwa hiyo msafiri huvuka mpaka wa kanda za lugha za Guthrie, G na M, akiwa kwenye kiti. Maandishi hayakosekani. Sarufi ya Kikinga ya R. Wolff ilitoka Berlin mwaka 1905, na Bastian Persohn alichapisha mwaka 2017 kitabu kizima juu ya kitenzi cha Kinyakyusa, chenye uchambuzi wa njeo, hali na uwezekano. Kinachohitaji mikono mingi ni kuulizia mahali na uwezekano kwa pamoja: mzee wa Rungwe na kijana wa Kihesa mjini Iringa wanasemaje, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, kwamba mahali hapafai kujengwa?

Nakuachia jozi moja uende nayo. Watu husema "Mufindi inaweza kuuza chai nje", na husema pia "Ismani hakuwezi kulimwa chai". Katika ya kwanza jina la mahali limechukua i-, kama taasisi yenye mipango na watu wake. Katika ya pili limechukua ku-, kama ardhi na hali yake ya hewa. Kusanya sentensi za namna hiyo sokoni, kanisani, msikitini na kwenye vikao vya kijiji. Andika sentensi nzima, na nani alimwambia nani, na walikuwa wamesimama wapi. Kisha angalia ni vitenzi vipi vinakubali i- tu, vipi vinakubali ku- tu, na vipi vinakubali zote mbili.