Pimbi wa Mlima Kenya na Baridi ya Kila Usiku

Mtu akaaye Kaloleni, Makongeni, Bahati au Jericho anaijua vema baridi ya mwezi wa Julai. Alfajiri watu hutoka majumbani wamejifunga makoti, nao wauzao chai kando ya njia hupata wateja wengi. Lakini Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 tu juu ya bahari. Kadiri ya kilometa 140 kutoka hapa, upande wa kaskazini-mashariki, umesimama Mlima Kenya, ambao kilele chake kiitwacho Batian kina urefu wa mita 5,199. Asubuhi mbingu zikiwa safi, mlima huo huweza kuonekana kutoka mahali palipoinuka mjini. Huko juu, penye miamba ya mita 4,000 na zaidi, anaishi mnyama mdogo aitwaye pimbi. Hachimbi shimo, hajengi kiota, wala haweki akiba ya chakula. Je, huishije?

SI JAMAA YA PANYA

Amwonaye pimbi mara ya kwanza hudhani ni panya mkubwa, au sungura aliyekatwa masikio. Urefu wake ni kama nusu mita, uzito wake ni kilo 2 hadi 5, na mkia hauonekani. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka kwa jina la wibari. Wataalamu waliochunguza mifupa, meno na damu yake wamehakikisha kwamba jamaa zake wa karibu walio hai leo ni ndovu, na nguva wa baharini. Meno yake mawili ya mbele ya juu hukua siku zote, kama pembe za ndovu. Nyayo zake ni laini kama mpira, tena zina unyevu, kwa hiyo hushika jiwe barabara hata penye mteremko mkali.

KIANGAZI MCHANA, KIPUPWE USIKU

Katika milima mirefu ya Asia na ya Marekani Kaskazini yuko mnyama mwingine wa miambani aitwaye pika. (Jina hilo halihusiani na kazi ya jikoni!) Yeye ni jamaa ya sungura, naye ni mdogo kuliko pimbi. Huko theluji hufunika nchi kwa miezi mingi kila mwaka. Basi wakati wa kiangazi pika wengi hukata nyasi, huzikausha, na kuzirundika chini ya mawe, wapate kula wakati wa theluji. Kwake yeye, akiba haiozi.

Mlima Kenya u karibu sana na ikweta, na mambo yake ni mbali na hayo. Hapana miezi ya theluji na miezi ya joto. Kila mchana jua huchoma, na kila usiku maji huganda. Nyasi zipo mwaka mzima, kwa hiyo pimbi hana haja ya ghala. Shida yake ni kuulinda ujoto wa mwili tangu magharibi hata asubuhi.

Anafanya hivyo kwa njia nne. Kwanza, manyoya ya pimbi wa mlima huu ni marefu na mazito kuliko ya ndugu zake wa nchi za chini. Pili, usiku huingia katika nyufa za miamba, mahali upepo usipofika, na jamaa nzima hulala wamebanana, hata pengine wamepandana. Tatu, mwili wake hautumii chakula kwa haraka kama wanyama wengine wa kadiri yake. Akitulia, ujoto wake hushuka kidogo, naye huokoa nguvu. Nne, asubuhi hatoki mbio kutafuta chakula. Hukaa kwanza juu ya jiwe akiota jua, na mwili ukisha kupata moto ndipo aendapo kula nyasi na majani ya lobelia.

WATOTO NA ADUI

Mimba ya pimbi huchukua miezi saba au zaidi, na hali mimba ya sungura ni mwezi mmoja tu. Faida yake ni kwamba mtoto wa pimbi huzaliwa ana manyoya, macho yamefumbuka, na baada ya muda mfupi aweza kukimbia. Wakubwa wakila, mmoja hukaa akitazama huku na huku. Akiona tai mweusi au chui hupiga kelele kali, na mara wote hutoweka mwambani. Kwa sababu hiyo hawapendi kwenda mbali na miamba yao.

WAJIBU WETU

Vijana wengi wa Nairobi hupanda mlima huu pamoja na shule zao au vyama vyao. Huwakuta pimbi karibu na kambi, wakingoja mkate. Kuwapa chakula kumekatazwa katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, na sababu yake ni nzuri. Pimbi azoeaye makombo huacha miamba yake na kusahau hadhari, na adui humpata kwa urahisi. Tena meno yake ni makali, naye akishikwa huuma.

Jambo kubwa zaidi ni moto. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, moto uliteketeza sehemu kubwa za nyika za juu za mlima. Nyasi zikiungua, pimbi aliyesalimika ndani ya ufa hutoka asubuhi asikute chakula, naye hana akiba yoyote. Hasara hiyo yatufikia hata sisi mjini, maana nyika hizo na misitu iliyo chini yake huhifadhi maji ya mvua yaingiayo Mto Tana, na maji ya mto huo huendesha mitambo ya umeme tuutumiao majumbani. Basi apandaye mlima na ahakikishe moto wake umezimika kabisa kabla hajaondoka, na makombo yake ashuke nayo.